Boksi la Friji la Ghorofa ya Nne

Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Inas Abdelgawad ameketi kwenye mkeka jikoni kwake, mjini Tanta, miguu ameinyoosha, beseni la maji ya chumvi likiwa kushoto kwake na gunia la mamumunye madogo kulia. Mkononi ameshika kichuma chembamba kirefu chenye ncha iliyopinda kidogo. Anakichomeka kwenye mumunye, anazungusha mara mbili, anavuta. Nyama ya ndani inatoka yote na ganda linabaki tupu, tayari kujazwa wali na nyanya katika jiko la mtu mwingine.

Mumunye likipasuka halinunuliwi. Asubuhi hii ya Jumatano yamepasuka manne, na jua halijatoka. Siku nyingine, anasema, humaliza gunia zima bila kupasua hata moja.

"Mikono haipo," anasema. "Iko kesho."

Kesho ni siku ya kupeleka vyombo vya binti yake, Radwa, kwenye nyumba atakayoolewa. Vyombo hupakiwa juu ya pikapu, kila kitu kionekane, na magari hupita mitaani polepole yakipiga honi ili watu wahesabu: magodoro, mazulia, masufuria, jiko. Chumba cha pili kimejaa mpaka mlango haufunguki vizuri. Nyuma kabisa, yameegemezwa ukutani, yamesimama maboksi mawili yenye picha za vilivyomo, moja la friji, jingine la mashine ya kufulia.

Yote mawili ni matupu.

Mwandishi huyu alikwenda Tanta kuandika habari za wanawake wanaokomba mboga kwa malipo ya kilo. Hakuwa na habari na maboksi. Inas mwenyewe ndiye aliyeyataja, pengine kwa sababu ni rahisi kumwambia mgeni kuliko jirani. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba majina yabadilishwe na mtaa usitajwe, na limetimizwa.

Ana miaka arobaini na saba. Mpaka Machi ya mwaka jana alikuwa na chekechea yake, nyumba ya kupanga ya ghorofa ya chini iliyochorwa samaki ukutani, watoto thelathini na wanane, walimu watatu. Mumewe, Wagdi, alikuwa msimamizi wa wahudumu katika hoteli moja huko Hurghada, kwenye Bahari ya Shamu. Alikuwa akija nyumbani kila baada ya siku arobaini, na begi lake likinukia sabuni ya hoteli. Kila kiangazi walikuwa wakienda wiki moja pwani ya kaskazini, wao watatu.

"Hatukuwa matajiri," anasema Inas. "Lakini nilikuwa sijui bei ya kitunguu. Nilikuwa nanunua tu."

Kisha korona ikaingia. Chekechea zikafungwa kwa amri na hoteli zikawarudisha watu makwao. Barua ya Wagdi ilisema likizo bila malipo mpaka hali itakapotengemaa. Mwenye nyumba ya chekechea hakuwa na likizo yoyote. Alitaka kodi yake kama kawaida, na Inas akailipa miezi mitatu kwa matumaini kwamba Mungu ataleta faraja na watoto watarudi. Walimu wake akawaaga mmoja mmoja.

Aliomba ruzuku ya serikali ya vibarua waliopoteza kazi. Jibu likaja kwamba mumewe ameandikishwa kama mfanyakazi mwenye bima, kwa hiyo hawastahili.

"Kwenye karatasi mimi bado ni mke wa mtu mwenye mshahara," anasema, huku akitupa mumunye la tano lililopasuka kwenye sufuria ya kwake. "Ningependa kumjua huyo mwanamke. Ningemwazima sukari."

Hao ndio watu ambao janga hili liliwakuta katikati. Hawakuwa maskini wa kujulikana, wanaopelekewa kapu la mchele na majirani, na hawakuwa na akiba ya kukaa mwaka mzima wakila bila kuingiza. Walikuwa na mapazia mazuri. Watu huangalia mapazia wakaona mambo yako sawa.

Juni, Wagdi akaugua. Hospitali haikuwa na kitanda. Daktari, jirani yao wa zamani, alimsikiliza kifua akiwa amesimama mlangoni, akasema apewe hewa palepale nyumbani, tena haraka. Mitungi ya oksijeni ilikuwa imepanda bei mara nne, na waliokuwa wakiikodisha walitaka fedha mkononi kabla mtungi haujashuka kwenye gari. Inas alikuwa ameshauza gari lao dogo na bangili zake. Kilichobaki ndani ya nyumba chenye thamani kilikuwa vyombo vya Radwa.

Vyombo hivyo alianza kuvikusanya Radwa akiwa na miaka saba. Leo mabakuli, mwakani blanketi, vikiwekwa chini ya vitanda na juu ya makabati. Friji na mashine ya kufulia vilikuwa vya mwisho, vilinunuliwa Januari ile ile. Hata kamba za plastiki zilikuwa hazijakatwa.

Alimwita kaka yake, Galal, mwenye pikapu. Radwa alikuwa kazini, katika ofisi ya mhasibu alikokuwa akipiga chapa kwa nusu mshahara. Wawili hao walifungua maboksi kwa chini, wakavitoa vitu, wakayafunga tena na kuyarudisha mahali pake. Friji ikaenda kwa bibi harusi wa mtaa mwingine. Wagdi alipumua kwa mitungi siku kumi na tisa, na hakufa.

Alipopata nguvu za kuuliza hewa hiyo ililipwa na nani, Inas alimwambia wenzake wa hotelini walichanga.

Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Tangu siku hiyo, kila mgeni akija kumjulia hali, Wagdi humwambia kwa fahari kwamba wenzake hawakumwangusha, watu wa Hurghada ni watu kweli. Inas humimina chai akiliangalia birika. Wagdi sasa ana miaka hamsini na mbili. Akipanda ngazi za kwao, ghorofa mbili tu, hupumzika mara mbili, na ndoo ya maji haiwezi.

Oktoba Inas alikwenda kwa Mama Saber, mwanamke anayeuza mboga zilizokwisha kombwa karibu na stesheni ya treni. Miaka minane Inas alikuwa mteja wake wa kila Jumatano, akinunua kilo mbili bila kuteremka kwenye gari.

"Leo mwalimu unataka ngapi?" Mama Saber alimuuliza.

"Leo nataka kujua nani anakukombea."

Mama Saber anasimulia kwamba alidhani mwalimu anataka kumlalamikia kuhusu usafi. Alipofahamu, aliondoa kapu kwenye kigoda, akampa akae. Kisha akampa kichuma na kilo tano za kujaribia. Inas alipasua theluthi nzima.

"Nikamwambia, mwalimu, unakomba kama unafundisha darasa, polepole mpaka mtoto wa mwisho aelewe," anasema Mama Saber na kucheka. "Watu wana njaa, mwalimu. Harakisha."

Leo Inas hukomba kilo thelathini kwa siku, kwa pauni tatu kila kilo. Chekechea ilikuwa ikimbakishia pauni elfu sita kwa mwezi baada ya kulipa kila mtu. Mboga haifiki nusu ya hizo, na vidole vimechanika mistari mistari kama viganja vya mvuvi. Mboga huzipeleka stesheni akiwa amevaa barakoa na miwani myeusi. Anasema korona ilimpa walau hicho, kisingizio cha kuficha uso.

Lengo lake lilikuwa friji kabla ya harusi. Hakulifikia. Lakini alikuwa na mfuko wa kianzio, na mwenye duka la vifaa vya umeme alimwahidi kumpa friji kwa malipo ya kila mwezi. Jumatano hii saa sita mchana alivaa vizuri akaenda kuichukua. Alirudi baada ya nusu saa, akaanza kukomba bila kuvua viatu. Mwenye duka alitaka barua ya mshahara. Inas alimwonyesha barua ya Wagdi ya hoteli. Mwenye duka aliisoma mpaka kwenye maneno "bila malipo", akaikunja vizuri na kumrudishia.

Tulidhani atalia. Alimpigia simu Galal, akamwambia aje kesho na yule mwenzake anayejua kunyamaza.

Wasiojua desturi watauliza, boksi tupu si aibu ya siku moja tu? Shida ni orodha. Kila kinachopelekwa huandikwa, na bwana harusi hutia saini kwamba amevipokea kama amana ya mke wake. Ndoa ikivunjika, atavirudisha kimoja kimoja au atasimama mbele ya hakimu. Kuna wanaume wamelala rumande kwa sababu ya orodha. Hazem, mchumba wa Radwa, muuza dawa katika famasi, kijana ambaye wakati wa ugonjwa wa Wagdi alikuwa akiacha sindano mlangoni na kuondoka bila kubisha, angetia saini amana ya friji ambayo inapoza maji katika nyumba ya watu wengine.

Inas alilijua hilo. Tulipomuuliza, alijibu kwamba atainunua friji kabla mtu hajalifungua boksi, kwamba ni wiki chache tu, kwamba Radwa na Hazem wanapendana na hakuna atakayefika kwa hakimu. Aliyasema yote hayo kwa haraka, na hatukumwamini, wala yeye hakuonekana kujiamini.

Alhamisi baada ya swala ya alasiri, pikapu tatu zilisimama chini ya nyumba. Galal na mwenzake waliyateremsha maboksi mawili wao wenyewe, wakimkataza mtu yeyote kusaidia. Walikunja migongo, wakaguna, wakapumzika kwenye kila kona ya ngazi. Galal alizidisha, alifuta jasho ambalo halikuwepo. Wagdi alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, akiwatazama, akasema taratibu, "Angalieni miguu yenu." Radwa, mwenye miaka ishirini na nne, alikuwa dirishani na simu, akipiga picha. Hakujua lolote.

Maboksi yakawekwa juu kabisa, kwenye pikapu ya kwanza. Ngoma ikapigwa. Wanawake wakapiga vigelegele mitaa yote sita ya njiani. Galal aliendesha polepole kuliko wote, na kila upepo ulipovuma Inas alishika ukingo wa kiti cha gari lililofuata nyuma, kwa hofu kwamba boksi la friji litapeperuka barabarani kama gazeti. Kwenye kona ya kituo cha mafuta liliyumba kweli. Mwenzake Galal, aliyekaa juu ya mizigo, alilikumbatia kwa mikono miwili, na watu wa kando ya barabara wakampigia makofi wakidhani anacheza.

Mama yake Hazem ni mjane, karani mstaafu wa idara ya maji, na mtaa mzima humwita Hajati Ihsan. Anajulikana kwa mambo mawili: hadhulumu na hanyamazi. Alikuwa ameshatoa amri kwamba mwanawe hatatia saini kitu ambacho yeye hajakiona kwa macho, kwa hiyo pikapu zilisimama chini ya dirisha lake, na orodha ikasomwa sebuleni kwake, ghorofa ya tatu, chini ya nyumba watakayokaa maarusi, kabla ya vyombo kupanda. Wagdi alichukua karibu robo saa kuzipanda ngazi hizo.

Ami yake Hazem ndiye aliyesoma. Mazulia manne. Hajati Ihsan akachungulia dirishani, akasema yapo. Seti ya sahani za watu kumi na wawili. Ipo. Jiko la gesi, plati tano. Lipo.

"Friji moja, futi kumi na nne."

Hajati Ihsan alichungulia. "Ipo."

"Mashine ya kufulia, kilo saba."

"Ipo."

Ami akamaliza, akamsukumia Hazem karatasi na kalamu. Hazem alikuwa akitabasamu. Aliandika jina lake la kwanza.

"Usisaini," Inas alisema.

Ngoma ilikuwa bado inapigwa chini barabarani. Hazem alibaki na kalamu mkononi. Inas alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, vidole vyake vilivyochanika ameviweka mapajani wazi, kwa mara ya kwanza bila kuvificha.

"Boksi la friji halina friji," alisema. "Niliiuza Juni, nikalipia hewa ya Baba Radwa. Hakuna aliyechanga hotelini. Nilisema uongo. Radwa hajui, na baba yake hajui. Nilitaka kununua nyingine, sikuweza. Futa hiyo, mwanangu, halafu ndiyo usaini. Ukitaka kusaini."

Radwa aliita "Mama" kwa sauti ndogo. Hajati Ihsan alisimama dirishani akiwa amewapa mgongo. Inas hakumtazama yeyote kati yao. Alikuwa akimtazama mumewe, ambaye alikuwa ameinama juu ya fimbo akitafuta pumzi, na hofu aliyokuwa ameibeba miezi tisa ilikuwa yote usoni pake: amemwokoa mtu huyu, na sasa amemvua nguo mbele za watu.

Wagdi aliinua kichwa, akamwambia Hazem, "Futa na mashine ya kufulia."

Mashine Inas alikuwa hajaitaja.

"Septemba niliangusha vidonge vyangu nyuma ya yale maboksi," Wagdi alisema, akipumzika baada ya kila maneno machache. "Nikasema nitalisogeza la friji kwa bega, kidogo kidogo. Likainuka. Mimi, ambaye birika la chai linanishinda, nikasimama na friji mkononi. Nilidhani nimepona, nikajaribu na la mashine."

Hakuna aliyecheka, ila Galal mlangoni aliyejizuia akashindwa.

"Kwa nini hukusema?" Inas alimuuliza.

"Ulikuwa umewasifu wenzangu vizuri sana. Nikaona nikusaidie."

Hapo Inas alilia, na hatuoni aibu kuandika kwamba hakuwa peke yake. Miezi saba watu hao wawili walikuwa wakiwaambia wageni uongo uleule, kila mmoja akimkinga mwenzake, na chai ikipoa.

Hajati Ihsan aligeuka. Alimpokonya mwanawe kalamu na kukata mistari miwili kwenye orodha kwa mikato mirefu, kama aliyekuwa akikata majina ya wasiolipa maji. Akarudisha kalamu.

"Saini. Sasa ni halali."

Hazem akasaini.

Kisha Hajati Ihsan akamgeukia Inas. Maneno yake tunayaandika kama yalivyotoka.

"Wewe mwanamke umenipitishia maboksi matupu mtaani kwangu, na ngoma juu. Ungenijia Juni ningekutukana, halafu ningekupa. Sasa nitakutukana tu, lakini si leo." Alichungulia tena dirishani. Barabara nzima ilikuwa imejaa, watoto juu ya kuta, wanawake kwenye kila kibaraza, wote wakisubiri kuona vyombo vikipanda. "Hazem, shuka wewe na rafiki zako wanne. Mpandishe la friji kwanza. Mlibebe kama zito. Atakayelibeba kwa mkono mmoja, nyumba hii asirudi."

Ndivyo ilivyokuwa. Vijana watano walilipandisha boksi tupu ghorofa nne, wakipeana maagizo ya kushoto na kulia, wakilitua kwenye kila ngazi ya kupumzikia. Hazem alijibana kidole ukutani akatoa damu kweli, jambo lililosaidia sana. Hajati Ihsan alisimama juu ya ngazi akiwafokea wasikwaruze friji yake. Vigelegele vilisikika mpaka kituo cha mafuta.

Wiki tatu sasa zimepita, na harusi imekwisha. Radwa alikaa siku mbili bila kuzungumza na mama yake, siku ya tatu akaja na kisu chake akakaa naye kwenye mkeka. Sasa, kabla ya kwenda ofisini, hukata vikonyo vya mamumunye na mama hukomba. Nyama na maziwa ya nyumba yake hukaa katika friji ya Hajati Ihsan, ghorofa ya chini yake, na kila akienda kuchukua hupewa na somo la nusu saa. Boksi limesimama jikoni kwake mahali pa friji. Jirani aliyekuja kumpongeza aliuliza mbona hawajalifungua. Radwa alijibu kwamba wanamsubiri fundi wa umeme.

Ramadhani iko mlangoni, na kila nyumba Tanta itataka mboga za kujaza. Mama Saber ameshamwambia Inas ajiandae kwa kilo hamsini kwa siku. Chekechea ameiweka kando. Mwenye nyumba amempangisha muuza matairi, na samaki wa ukutani wamepakwa rangi ya kijivu. Kwanza friji, anasema, na kwa hesabu yake itakuwa kabla ya Idi Kubwa.

Tulimuuliza itapandaje mpaka ghorofa ya nne, ilhali mtaa mzima ulishaiona ikipanda. Inas aliweka kichuma chini. Kumbe walishalijadili, yeye, Wagdi na Hajati Ihsan, na hapo walikubaliana bila ugomvi.

"Tutaliteremsha boksi mchana kweupe, tuseme friji imeharibika, inakwenda kwa fundi," alisema. "Litateremka kwa shida, Galal ataguna kama kawaida yake. Jioni litarudi na friji ndani."

Aliokota mumunye jingine, akalichomeka kichuma, akazungusha.

"Wagdi anataka awepo siku hiyo, ashike kona moja. Nimemwambia atakaa kwenye kiti, atatazama. Nataka nione wanavyoguna wakiwa hawaigizi."